Seva Mpya na Kaburi la Nunguni

Ndunge,

Naandika hii nikiwa nimekaa kwenye meza yako ya mapokezi, kwa sababu yangu imejaa nyaya za Kimeu. Ndiyo, Kimeu yule yule wa kompyuta. Bado yupo. Watu wa aina yake hawaondoki, wanaongezewa mkataba.

Nilitaka kuanza na maneno mazuri kama ya wale waliosimama kukusifu, lakini nilipowasikia nikaapa sitakuandikia hata sentensi moja inayofanana na zao. Walisema ulikuwa mpole. Wewe! Wewe uliyemwambia yule mkubwa wa wizara akae kwenye benchi kama watu wengine mpaka aitwe. Walisema hakuna aliyewahi kukusikia ukimsema mtu. Nilikuwa mstari wa pili, nikauma leso ili nisicheke mbele ya jeneza lako. Miaka yote ile chakula chetu cha mchana kilikuwa mahindi ya muthokoi na watu. Muthokoi unaisha, watu bado wamebaki.

Kwa hiyo nakupa habari jinsi ulivyozipenda, bila sukari.

Ulianguka hapa hapa. Ulikuwa na simu mkononi, ukimwambia mtu wa Kibwezi asubiri kwenye laini. Mimi nilikuwa chumba cha kompyuta, nikasikia kiti, halafu simu ikigonga sakafu, na sauti ya yule mtu ikiendelea, "Haloo? Haloo, madam?" Daktari alisema ni presha. Akasema, kama ungefika mapema. Ungefika mapema kutoka wapi, Ndunge? Ulikuwa kazini. Kabla jua halijazama ulikuwa umeondoka, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali nimeshika viatu vyako, sijui niviweke wapi.

Kitu cha kwanza nilichofikiria ni Mumbua.

Mtoto wako mmoja, yuko Pune, India, anasomea ufamasia, na njia ya kumfikia ni mashine yangu tu. Telegramu tuliituma kwenye ile hosteli ya zamani, lakini wewe na mimi tulijua alishahama akapanga chumba mjini, na anwani ya chumba hicho hakuna aliyekuwa nayo. Alikuwa na imeili ya chuo. Kila Ijumaa aliandika, kila Jumatatu tukamjibu. Unasimama nyuma ya kiti changu, unatamka kwa sauti kama unamwita mtu ng'ambo ya bonde, mimi napiga chapa, modemu inalia kama paka aliyefungiwa stoo. Halafu unauliza, "Imefika?" Nikikuambia subiri, unaniambia, "Kwani inaenda kwa miguu?"

Sasa sikiliza. Ulikufa siku chache tu baada ya sisi kuhama seva.

Unakumbuka tulivyoitwa mkutanoni tukaambiwa shirika litakuwa na jina lake lenyewe kwenye mtandao, na mashine yake yenyewe kule ofisi kuu Nairobi, badala ya kutegemea ile ya kukodi. Unakumbuka Kimeu alivyoingia na ule mkoba wake wa ngozi na tai yenye picha za ndege, akatuelezea jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Ulimtazama mpaka mwisho, ukaniinamia ukasema, "Huyu ametoka kwa fundi wa nguo au kwa fundi wa kompyuta?" Ijumaa ya kuhama akazima mashine ya zamani, akawasha mpya, akatangaza kwamba tumehama salama. Jumatatu uliniuliza kama Mumbua ameandika. Nikakuambia hakuna kitu, lakini Kimeu anasema barua za Ijumaa zitafika tu, mambo yanatulia. Ukasonya. Jumanne ukaanguka.

Jioni hiyo hiyo nilimwandikia Mumbua. Sitakuambia nilivyoandika. Nilifuta mara nyingi. Mwisho nikaandika kwa maneno machache kwamba mama amelala na hataamka, na kwamba anijibu mara moja. Kesho yake nikatuma tena. Na tena.

Wakati huo kamati ya mazishi ilikuwa imeshakaa. Unajua ilikaa wapi? Kwa Nzioka.

Ndiyo, Ndunge. Shemeji yako Nzioka, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa. Yule aliyepitisha ua katikati ya shamba lako kabla udongo wa kaburi la mume wako haujakauka, akasema mwanamke mwenye msichana mmoja anahitaji jiko la nini. Uliondoka umemshika Mumbua mkono, na cherehani kichwani, na kutoka siku hiyo hakuwahi kukuletea hata salamu. Sasa alikuwa na kitambaa cheupe, anajipangusa macho, anawaambia watu wa Mbooni yote kwamba "mke wa ndugu yetu" atarudi kulala kwao, kando ya mume wake, kama inavyotakiwa. Na watu wanaitikia! Niliwatazama wale wazee mmoja mmoja. Kila mmoja alijua habari ya ule ua. Kila mmoja alikuwa amekunywa chai yake na mkate na sasa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo la hekima.

Alichotaka si wewe. Alitaka kaburi lako. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakimsema chini chini kwamba alimfukuza mjane, na hili lingekuwa jibu lake: tazameni, mbona amelala hapa kwangu?

Nilisimama. Nikasema kwamba uliniambia mwenyewe, si mara moja, kwamba nyumba yako ni ile ya Nunguni, shamba ulilonunua kwa jasho lako, na kwamba uliniambia, "Kwa Nzioka nilitoka kwa miguu yangu, sitarudishwa kwa gari." Sikuyapamba. Niliyasema hivyo hivyo, mbele ya kila mtu.

Nzioka hakukasirika. Ndiyo tabia yao, hawakasiriki mbele za watu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, wewe ni nani kwa marehemu?"

"Ni rafiki yake. Nafanya kazi naye."

"Tunakushukuru sana," akasema. "Mambo ya kazini tutayaleta kazini. Haya ni ya nyumbani."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha wazee ambacho hakifungui mdomo. Ni mchungaji peke yake aliyesema jambo la maana siku hiyo, na hata yeye alilisema akitazama chini. Alisema marehemu ana mtoto mtu mzima. Kama mama alikuwa na neno, mtoto analijua. Aulizwe, na atakalosema lifuatwe. Nzioka akakubali haraka mno. Nadhani hakujua kwamba Pune kunafikika.

Basi nikamwuliza Mumbua. Nikaandika yote, ua, Nunguni, kamati, nikamwambia neno lake ndilo linalongojwa. Nikatuma nikakaa.

Kimya.

Nikamwendea Kimeu. Alikuwa anakula biskuti za ofisi, zile ulizokuwa ukizifungia kabatini kwa ajili ya wageni. Nikamwuliza kama barua zangu zimefika India. Akasema, "Hakuna shida." Nikamwuliza anajuaje. Akasema barua ikikataliwa, mashine hutoa notisi ya kurudi, na yeye hajaona hata notisi moja tangu tuhame. "Kama hakuna notisi, imefika. Mashine haina sababu ya kudanganya, madam." Nami nina diploma, Ndunge, na diploma yangu ilinifundisha hivyo hivyo. Nikarudi kwenye kiti changu.

Ijumaa ikapita bila neno. Jumatatu kamati ikakaa tena, na Nzioka alikuwa tayari. Akasema mtoto ameulizwa kwa kompyuta, siku zimepita, hajajibu. Kama amenyamaza, maana yake amekubali. Halafu akaongeza, na hili sitamsamehe, akaongeza kwa ile sauti ya kuhubiri, "Au huenda ametuacha. Akili za vijana zikivuka bahari… Huenda sasa yeye ni Mhindi." Na watu wakaguna kwa huzuni, kana kwamba wamefiwa mara ya pili. Mchungaji akatazama chini tena. Wakapanga Jumamosi. Wakateua vijana wa kuchimba.

Nilitoka pale nikatembea hadi barabarani peke yangu kwa sababu nilijua nikipanda gari na mmoja wao nitamtukana. Na ni kwenye ile njia ya mteremko nilipofikiria jambo ambalo wewe ungelifikiria tangu siku ya kwanza.

Mumbua huandika kila Ijumaa. Kama amepata habari ya kifo chako, angeandika. Kama hajapata, angeandika vile vile, kama Ijumaa zote, akuulize kuhusu kuku wako na akulalamikie joto. Iwe hivi au vile, barua ingekuja. Mtoto hawezi kunyamaza pande zote mbili. Kwa hiyo aliyenyamaza si mtoto.

Jumanne nikamweleza Kimeu. Alinisikiliza akiwa anasafisha kucha kwa kipande cha karatasi. Akasema, "Labda ana mitihani."

Nilimtazama, Ndunge, na nikakukosa sana. Ungekuwa na neno la kumwambia. Mimi sikuwa nalo, nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu hainaga maneno.

Nikaomba ruhusa nikasema ni ya msiba, na ilikuwa ya msiba. Upande wa Kitui kuna hospitali moja ya misheni yenye laini yake ya imeili isiyopitia kwetu kabisa, na anayeisimamia ni Kyalo, tulisoma naye. Unamkumbuka, alikuja siku moja kuazima utepe wa printa na wewe ukamwambia arudi na barua. Nilifika Jumatano mchana nimejaa vumbi hadi kwenye meno. Kyalo aliniona akaagiza chai kwanza, hakuniuliza kitu mpaka nikamaliza kikombe. Kwa hilo peke yake namheshimu.

Nikamwambia anijaribie jambo moja: atume barua kutoka kwenye mashine yake kwenda kwenye anwani yangu mpya ya ofisini. Akatuma. Tulisubiri modemu yake ipige simu Nairobi, ipeleke, ipige tena. Ikarudi. Ilikuwa notisi, ile ambayo Kimeu hajawahi kuiona. Ilisema jina la shirika letu halipo. Haikusema kwamba limefungwa au kwamba laini imejaa. Halipo. Duniani hakuna kitu kinachoitwa hivyo.

Kyalo akaanza kuchunguza. Kuna orodha ya majina ambayo mashine zote huiuliza zinapotaka kujua barua ipelekwe wapi, na wakati wa kuhama Kimeu ndiye aliyeandikisha jina letu pale. Kyalo akalitafuta, akalitafuta, halafu akacheka kwa pua. Kimeu alikuwa ameruka herufi moja. Jina lililoandikishwa si letu. Ni la shirika fulani ambalo halijawahi kuzaliwa. Kwa hiyo barua za kuja kwetu, hata zile za anwani ya zamani zilizoelekezwa kwenye mpya, zilikuwa zinagonga jina lisilojulikana na kurudi. Na zetu za kwenda nje, Kyalo akanieleza, vyuo vingi sasa vina mashine zenye tahadhari: zinapopokea barua huuliza kwanza kama jina la mtumaji lipo. Likikosekana, zinaikataa mlangoni. Kila nilichomwandikia mtoto wako kilikuwa kimefukuzwa mlangoni pale Pune, na yeye hajui hata kama kuna mtu aliyebisha.

"Na notisi za kukataliwa ziko wapi?" nikamwuliza. "Kimeu anasema hakuna."

Kyalo akainua mabega. "Muulize amezielekeza wapi."

Kwanza nikakaa kwenye kiti chake nikamwandikia Mumbua, kutoka kwenye anwani ya hospitali. Nikamwambia ajibu hapo hapo, si kwetu. Nikaomba Mungu, na nikamwomba vizuri, si kama Nzioka. Manesi wakanipa kitanda.

Asubuhi Kyalo alikuja mwenyewe kuniita. Alikuwa amekwisha kulitoa jibu kwenye printa na amelishika kwa mikono miwili, ameangalia pembeni kwa sababu alikuwa ameona mstari wa kwanza.

Mumbua alikuwa ameandika kwa Kiswahili na Kikamba vimechanganyika, jinsi mnavyoongea mkiwa wawili. Alisema amesoma mara nyingi na bado hajui amesoma nini. Alisema kila alichokuandikia baada ya Ijumaa ile kilikuwa kinamrudia, akafikiri labda ofisi imefungwa, akafikiri labda umehamishwa. Hakufikiri hili. Alisema hawezi kufika, na akaomba msamaha, mtoto maskini, akaniomba mimi msamaha. Halafu akaandika: "Mama asipelekwe kwa Baba Mkubwa Nzioka. Alale Nunguni, kwake. Hilo ndilo neno langu na ndilo lilikuwa neno lake. Na mwambieni Susu asidhani nimemkataa. Mwambieni namkumbuka alivyotupa maziwa kwenye kibuyu siku tuliyoondoka."

Sikujua habari hiyo ya kibuyu. Hukuwahi kuniambia kwamba mama mkwe wako alitoka nyuma ya nyumba akakupa maziwa. Yote uliyonisimulia juu ya boma lile, na hili ukaliacha.

Ijumaa nilifika kwa Nzioka. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, limechongwa vizuri kabisa, na yeye alikuwa amesimama ukingoni akionyesha wageni kama mtu anayeonyesha tangi jipya la maji. Nikampa mchungaji ile karatasi. Nzioka akanyoosha mkono aichukue, mchungaji akageuza bega. Mara ya kwanza kumwona yule mtu ana bega.

"Hiyo ni karatasi ya kompyuta," Nzioka akasema. "Mtu yeyote anaweza kupiga chapa. Hata huyu mama."

"Jumatatu ulisema kompyuta imemwuliza mtoto na mtoto amenyamaza," mchungaji akasema. "Ilikuwa kompyuta ya kuaminika wakati huo."

Akaisoma kwa sauti. Watu walikuwa wanapakua chakula, wakaacha. Alipofika pale penye Susu na kibuyu, mlango wa jiko ukafunguka. Mama mkwe wako alitoka na mkongojo wake, mdogo kama mtoto, ugoro bado umemshika puani. Sikujua kama anasikia. Kumbe anasikia vizuri sana, amechoka kusikiliza tu. Akasimama mbele ya mwanawe akamwambia kwa Kikamba, na kila mtu akasikia:

"Nzioka, ulimfukuza akiwa anatembea. Sasa unamtakia nini akiwa amelala?"

Ndunge, laiti ungeona ule uso. Kitambaa cheupe kilikuwa mkononi na hakukumbuka kukitumia. Wale wazee waliokuwa wakitikisa vichwa wakaanza kutazama viatu vyao, viatu vyao vikawa vya kupendeza ghafla. Vijana wa kuchimba hawakungoja kuambiwa. Waliokota majembe, mmoja akauliza, "Kule Nunguni tuchimbe upande gani wa nyumba?" nami nikaingia nao kwenye pikapu.

Tukakuzika Jumamosi, nyuma ya nyumba yako, upande wa parachichi. Kulikuwa na ukungu, baadaye ukaondoka.

Na Nzioka? Alikuja. Bila shaka alikuja. Alikaa kiti cha mbele, na zamu yake ilipofika akasimama akasema, "Sisi kama familia tulikaa, tukaona ni vyema kuheshimu matakwa ya marehemu." Sisi kama familia! Akapigiwa hata makofi. Nilimtazama nikaona sina hata chuki tena ya kumpa. Chuki ni ya watu. Yule ni koti tu, na ndani yake hamna mtu.

Sasa habari za Kimeu, maana najua unazingoja. Jumatatu nilimwekea mezani karatasi ya Kyalo yenye lile jina lililorukwa herufi. Akaitazama, akasema aliiacha herufi ile makusudi, ilikuwa "hatua ya mpito". Akairekebisha akiwa amenipa mgongo. Nikamwuliza swali la Kyalo: notisi za kukataliwa alizielekeza wapi? Ikabidi aangalie. Alikuwa amezielekeza kwenye sanduku lake mwenyewe, kwenye mashine ya zamani. Ile aliyoizima mwenyewe! Mtu anazima masikio yake, halafu anatuambia hakuna kelele.

Nilimlazimisha apige simu Nairobi wawashe ile mashine. Wakaiwasha, na notisi zilizokuwa zimekwama zikiingoja zikamiminika kwenye skrini moja baada ya nyingine, kila barua niliyomwandikia Mumbua, imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa. Watu wa hesabu walikuja kusimama mlangoni. Kimeu akasema, "Haya ni matatizo madogo madogo ya kawaida." Katika ripoti yake ameandika kwamba uhamisho ulifanikiwa, na meneja ameisifu, na ndiyo maana nyaya ziko mezani kwangu: amepewa kazi ya kuhamisha na simu.

Lakini ndani ya ile mashine kulikuwa na kitu kingine.

Kulikuwa na barua yako, kutoka kwa Mumbua. Ya Ijumaa ile ya kuhama, ilifika kabla tu hajaizima, na ikabaki humo. Jumatatu uliponiuliza, ilikuwa imeshafika. Ilikuwa imelala gizani ikikungoja, na mimi nikakuambia hakuna kitu. Na Jumanne…

Hili siwezi kulifanyia mzaha, nimejaribu.

Sikuisoma pale ofisini. Niliipiga chapa macho yangu yakiwa pembeni, nikaikunja nikaibeba hadi Nunguni, nikakaa kwenye nyasi kando yako nikakusomea, kuanzia "Mama" hadi jina lake. Amefaulu lile somo la kemia lililomtoa jasho. Amejifunza kupika dengu, na anasema zako ni bora ingawa hukuwahi kupika dengu. Anauliza kama mvua imenyesha. Nikakujibia kwamba bado, lakini mawingu yapo.

Kuna jambo moja zaidi na sijui kama utacheka au utalia. Siku tuliyokuzika, watu walipoanza kutawanyika, Susu alikataa kuingia kwenye gari. Akasema atapumzika kidogo kwenye nyumba ya mkaza mwana wake. Bado anapumzika. Nzioka ametuma watu wamrudishe, Susu akawapa uji akawarudisha wao. Nzioka akaja mwenyewe, akasema kwamba nyumba inahitaji mwangalizi wa ukoo na yuko tayari kumweka kijana wake. Mama yake akamwambia mwangalizi yupo, akafunga mlango. Anachunga kuku wako. Amemwuza yule jogoo uliyekuwa ukimchukia, na akanunua ugoro.

Nimemwandikia Mumbua haya yote, na safari hii nilisubiri mpaka jibu lake likarudi. Anasema amecheka, mara ya kwanza. Anamaliza masomo mwaka ujao, na anasema atakuja moja kwa moja Nunguni.

Nami nakuahidi hivi. Kila Ijumaa nitamwandikia, na nikiona kimya sitamwuliza Kimeu, nitatafuta mwenyewe mpaka nijue. Siku atakayorudi nitakuwa uwanja wa ndege kabla ndege haijatua, na nitampandisha mlima hadi Nunguni mimi mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi nitampelekea Susu ugoro na unga, na nitamkalia hata akinifukuza, maana ananifukuza.

Lala sasa, Ndunge wangu. Kwako kuna mtu mlangoni, na hakuna atakayepita. Hawa wa huku chini niachie mimi.

Ni mimi,
Syokau